Nilifuata yoga ya kwenye simu, vidole vikafa ganzi: je, niache?

«Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Tanga. Ni wakala wa kutoa na kuweka pesa kwa simu. Nakaa kwenye stuli ndani ya kibanda kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Kiuno kinaniuma, huu mwaka wa pili. Maumivu yanafika kwenye kalio, hayashuki zaidi. Mwezi wa kwanza walinivamia vijana wawili na panga wakati nafunga, wakachukua floti yote. Tangu hapo usiku moyo unaenda mbio, nashtuka saa nane silali tena. Zahanati walinipima presha siku mbili tofauti, 148/92 na 150/94, nikaanzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Binti yangu akanionyesha video za yoga. Siku ya tatu tukafika kwenye pumzi za haraka haraka, unafyatua tumbo kutoa hewa. Nikapata kizunguzungu, midomo ikafa ganzi, vidole vya mikono yote miwili vikajikunja vyenyewe. Jirani akasema ni jini, yoga inafungua milango. Mume wangu hataki kuiona tena. Kinachonichanganya ni kwamba siku mbili za kwanza nililala vizuri. Ila kuinama kugusa vidole vya miguu kuliniongezea maumivu, na mwisho wanaposema fumba macho utulie, mimi naliona lile panga. Niendelee au niache? Yoga ni dini? Nikiendelea, naweza kuacha kidonge? Na kuna mkeka wa yoga wanauza 60,000, ninunue? Nyumbani tuna chumba na sebule tu. Jioni huwa nakunywa kopo la kuongeza nguvu ili nimalize siku, sijui kama ni muhimu kukwambia.»

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana kwa yaliyokukuta mwezi wa kwanza, na pole kwa usiku zote zilizofuata. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Umeuliza mengi, lakini naona yanazunguka mambo mawili. Kwanza, kile kilichokupata siku ya tatu ni kitu gani? Pili, zile siku mbili ulizolala vizuri zilitoka wapi, na unaweza kuzipata tena bila kujiumiza? Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo lililoingiza hofu nyumbani kwako.

Kizunguzungu, ganzi ya midomo, ganzi ya vidole, mikono kujikunja: hizo ni dalili za mtu aliyepumua kwa haraka na kwa nguvu kuliko mwili wake ulivyohitaji. Sisi tunaotibu tunaziona mara kwa mara. Zinampata mwanafunzi mwenye hofu ya mtihani, zinampata mama aliye leba, zinampata mtu aliyepokea simu ya msiba. Wewe ulizileta mwenyewe bila kujua, kwa kufuata video.

Watu wengi hudhani ukipumua mbio unaongeza oksijeni kwenye damu, na kwamba kizunguzungu kinakuja kwa sababu hewa imepungua. Sivyo. Mtu mwenye mapafu mazima, hata akiwa amekaa tu kibandani, damu yake imeshabeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Kinachobadilika ukipumua mbio ni kaboni dioksaidi, ile hewa tunayoitoa. Shuleni tuliambiwa ni hewa chafu, tukabaki na picha kwamba kadiri unavyoitoa ndivyo unavyojisafisha. Kumbe mwili unahitaji kiasi chake kibaki, maana ndiyo inayosaidia damu isipoteze uchachu wake na mishipa ya damu ya ubongo ibaki wazi vya kutosha. Ukifyatua pumzi kwa kasi, unaitoa upesi kuliko mwili unavyoitengeneza. Mishipa ya ubongo inasinyaa, damu inayofika huko inapungua kwa muda, kichwa kinazunguka. Wakati huohuo kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inapungua, na neva zinaanza kusisimka zenyewe: kwanza kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, halafu misuli ya mikono inakaza hadi vidole vinajikunja.

Ukipunguza mwendo wa pumzi, kaboni dioksaidi inarudi ndani ya dakika chache na kila kitu kinakaa mahali pake. Siku nyingine ikitokea, kaa chini, funga mdomo, pumua polepole kwa pua, subiri. Usipumulie ndani ya mfuko kama wengine wanavyoshauri. Ukikosea na tatizo likawa la moyo au pumu, mfuko utakuzidishia hatari. Kitu kimoja tu kingenifanya niseme tofauti. Ganzi ingekuwa upande mmoja wa mwili, au mdomo ungepinda, au ulimi ungekuwa mzito, hicho kingeweza kuwa kiharusi, na mwenye presha hasubiri kupona nyumbani. Kwako ilikuwa pande zote mbili na ilikuja katikati ya pumzi za kufyatua. Maelezo yako yanaingia kwenye picha hii vizuri kabisa.

Jirani yako usigombane naye. Alimwona mtu anayempenda vidole vimejikunja, akaeleza kwa maneno aliyoyazoea. Mweleze hiki nilichokueleza, taratibu, mkiwa mnakunywa chai.

Zoezi lenyewe linaitwa kapalabhati, neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye maana ya fuvu linalong'aa. Kwa mila ya yoga ni zoezi la kusafisha mwili, la mtu aliyekwisha kuzoea kupumua polepole, tena akiwa na mwalimu pembeni. Mwenye presha hapaswi kuligusa. Aliyeliweka kwenye somo la siku ya tatu, kwa watu asiowaona na asiojua wana maradhi gani, amekosea, na nalisema hilo bila kupepesa macho. Kwa hiyo swali la niendelee au niache nalijibu hivi: pumzi za kufyatua ziache kabisa. Pumzi za polepole endelea nazo, maana naamini ndizo zilizokulaza zile siku mbili.

Sasa nikueleze kwa nini polepole inafanya kazi, kwa sababu mtu akijua sababu hachoki haraka.

Mwili una mifumo miwili ya neva inayoendesha mambo usiyoyaamuru: mapigo ya moyo, presha, tumbo, jasho. Mmoja ni wa kukukimbiza. Ukiona panga, unamwaga adrenalini, moyo unadunda, misuli inakaza, usingizi unatoweka. Umekuokoa siku ile, uushukuru. Wa pili ni wa kukutuliza, na njia yake kuu ni neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo na mapafu hadi tumboni. Huwezi kuuambia moyo «pungua» ukapungua. Lakini pumzi ina milango miwili: inajiendesha yenyewe ukiwa usingizini, na pia unaweza kuishika mwenyewe. Ukiishika pumzi, umepata mkono mmoja ndani ya mfumo ambao vinginevyo haukusikilizi.

Jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, tafuta mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Ukitulia utahisi mapigo yanaharakisha kidogo unapovuta na yanapungua unapotoa. Unapotoa pumzi, ile neva ya vagasi inapata nafasi ya kuufunga moyo breki. Basi ukirefusha kutoa, unarefusha breki. Ndiyo maana kuhema kwa nguvu kunakukimbiza, na pumzi ndefu ya kutoa inakutuliza, ingawa yote mawili watu huyaita mazoezi ya kupumua.

Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa kwa pua ukihesabu sita. Tumbo litangulie kupanda, kifua kifuate kidogo. Usijaze mapafu hadi pomoni. Vuta kiasi cha kawaida, ila polepole. Hesabu kumi ni kama sekunde kumi, kwa hiyo unapata pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida anapumua kati ya 12 na 20. Huhitaji saa wala programu ya simu. Hesabu kwa pingili za vidole, kama unavyohesabu nyiradi: kila kidole pingili tatu, mkono mmoja 15, mikono miwili 30. Pumzi 30 ni dakika tano. Hesabu ya sita ikikukaba, anza na tatu kwa nne. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno; punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze.

Nimetaja nyiradi kwa makusudi. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ kazi waliyofanya kwa watu 23. Waliwasomesha sala ya rozari kwa Kilatini, kisha maneno ya kukariri ya kiyoga, huku wakipima pumzi, moyo na presha. Yote mawili yaliwashusha watu hadi karibu pumzi sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na presha ukalingana na ule wa pumzi. Imani mbili tofauti, maneno tofauti, lakini urefu wa sentensi unaotamkwa kwa pumzi moja ukafanya mwili ufuate njia ileile. Uradi wa Kiislamu hawakuupima, kwa hiyo siwezi kukupa tarakimu zake, ila mtu anayesoma kwa utulivu baada ya swala anaweza kutazama pumzi yake mwenyewe akaona inakwenda wapi.

Hapo ndipo swali lako la dini linapoingia, na nataka nilijibu kwa heshima. Yoga imetoka India, na asili yake ni njia ya kiroho. Neno lenyewe linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kufunga nira, kuunganisha. Anayekwambia haijawahi kuhusiana na dini hakwambii ukweli. Lakini mikao unayoiona kwenye simu sehemu kubwa si ya kale namna hiyo. Maandiko ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, yanayohesabiwa kuwa msingi wa yoga, yana mistari kama 195, na inayozungumzia namna ya kukaa ni mitatu tu. Mfululizo wa mikao mingi, kunyanyuka na kuinama, ulikua sana katika karne ya 20, hasa kupitia mwalimu Krishnamacharya aliyefundisha katika kasri la Mysore miaka ya 1930. Kwa hiyo kilichomo kwenye video ni mchanganyiko: kipande cha mazoezi ya viungo, kipande cha pumzi, na pengine kipande cha ibada.

Wanazuoni wa Kiislamu hawana kauli moja. Baraza la fatwa la Malaysia lilikataza mwaka 2008. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilikataza yenye maneno ya ibada ya Kihindu, likaruhusu ile ya mazoezi matupu. Saudi Arabia iliitambua kama shughuli ya michezo mwaka 2017. Mimi ni daktari wa mazoezi, si sheikh, na hukumu ya dini siitoi. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba hakuna hata kimoja nitakachokuelekeza hapa chini kinachohitaji neno la Kisanskriti, sanamu, wala nia ya ibada. Mwonyeshe mume wako, mfanye mbele yake. Mkiwa bado na shaka, mwulizeni sheikh mnayemwamini, lakini mwelezeni hasa unachofanya. Neno «yoga» peke yake halimwelezi kitu.

Na mkiamua jina lenyewe linawakera, liacheni. Mgongo haujali zoezi linaitwaje.

Sasa panga. Hili ndilo lililonigusa zaidi, na ndilo walimu wengi wa kwenye simu hawalijui. Kwa mtu aliyepitia tukio la kutisha, kufumba macho na kunyamaza kunaweza kufungua mlango wa kumbukumbu badala ya kuufunga. Ubongo uliokuwa unashughulika na wateja na miamala unabaki mtupu, na kile kilichosukumwa pembeni kinajitokeza. Hilo halina maana kwamba imani yako ni dhaifu, wala kwamba umeshindwa kutulia. Usifumbe macho. Kaa mgongo ukiegemea ukuta, uso ukielekea mlangoni ili uone anayeingia, macho yatazame kitu kimoja kilichotulia: ua la kitenge, kona ya dirisha. Nyayo zikanyage sakafu, uhisi ubaridi wake. Pumua zile pumzi 30. Picha ikija, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani. Ikiendelea, simama, nawa uso, acha kwa siku hiyo. Kujilazimisha hapa hakuna faida.

Lakini umeniambia ni tangu mwezi wa kwanza. Mshtuko unaodumu zaidi ya mwezi, unaoamsha mtu saa nane kila usiku, unahitaji mtu wa kukusikiliza ana kwa ana. Mazoezi ya pumzi yatausaidia mwili wako uvumilie, hayatamaliza kazi yenyewe. Tiba ya mazungumzo kwa watu waliovamiwa ipo, na inasaidia wengi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, uulize huduma ya afya ya akili. Mwambie mhudumu sentensi hii moja: «Nilivamiwa na panga na tangu hapo silali.» Atajua pa kukupeleka. Na kama kuna siku unahisi maisha hayana maana au unawaza kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie mume wako siku hiyohiyo mwende pamoja.

Kiuno ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo utanivumilia nikikaa hapa kidogo. Saa 13 juu ya stuli isiyo na mgongo, umeinama mbele kupokea pesa dirishani. Wengi wakiumwa hivi huambiwa pingili imesogea, wakaishi wakiogopa kuinama hata kuokota kijiko. Kwa maumivu kama yako, yasiyoshuka chini ya kalio na yasiyo na ganzi mguuni, mara nyingi hakuna kitu kilichosogea. Misuli imechoka kushikilia mkao mmoja, na mwili ulio macho usiku kucha unaongeza sauti ya kila maumivu. Mtu asiyelala huumwa zaidi hata kama mgongo ni uleule. Ndiyo maana nakataa kuitenga habari ya kiuno chako na habari ya lile panga.

Kuinama kugusa vidole vya miguu kulikuumiza kwa sababu umekaa umeinama siku nzima, misuli ya nyuma ya mapaja imefupika, ukaja ukavuta kwa nguvu magoti yakiwa yamenyooka. Nyonga hazikwenda, kiuno kikalipa. Mgongo wako unahitaji kinyume chake kwanza.

Kibandani, kila baada ya wateja kumi hivi, simama. Weka viganja kiunoni, jikunje nyuma kidogo kama mtu anayetazama juu ya mnazi, mara tano. Kisha shika ukingo wa kaunta, rudi hatua mbili nyuma, magoti yalegee, acha kifua kishuke kati ya mikono huku makalio yakienda nyuma. Pumzi tatu ndefu. Hakuna mteja atakayekushangaa. Stuli, ukiweza, ibadilishe kwa kiti chenye mgongo, au isogeze iguse ukuta uupate ukuta.

Nyumbani, sebule ikishafagiliwa, piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Ukitoa pumzi, inua mgongo juu kama paka aliyeshtuka; ukivuta, ulegeze ushuke. Mara nane, polepole, usifike mwisho wa uwezo wako. Halafu lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio hadi mwili uwe mteremko mmoja kutoka magotini hadi mabegani, kaa hivyo kwa muda wa pumzi mbili bila kuibana pumzi, shusha. Mara sita. Hili ndilo nisilotaka uliruke, kwa sababu linaipa nguvu misuli ya makalio, na kiuno kinachosaidiwa na makalio hakilalamiki sana. Malizia kwa kulala chali na miguu imewekwa juu ya kiti, magoti yamekunjika, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Hapo unaweza kufanya zile pumzi 30, macho wazi, au uzifanye umekaa ukutani kama nilivyosema. Yote haya hayazidi robo saa, na watoto wakikupandia mgongoni wafanye nawe.

Mikao ya kusimama kwa kichwa, na ile ya kuinama muda mrefu kichwa kikiwa chini, achana nayo kwa sababu ya presha yako. Mwenye presha ya macho naye aepuke hiyo, maana inaongeza mgandamizo jichoni. Nalitaja kwa wasomaji wengine.

Je, kweli inasaidia mgongo? Inasaidia kiasi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaanze kutibiwa bila dawa, na yoga ikawekwa kwenye orodha pamoja na mazoezi mengine. Mwaka huohuo utafiti wa Boston, uliohusisha watu 320, ulionyesha kwamba waliofanya yoga ya taratibu kwa wiki 12 walipata nafuu inayolingana na ya waliotibiwa kwa fiziotherapia. Inayolingana, si inayozidi. Na ipo idadi ya watu ambao maumivu yao huongezeka, kama ilivyokuwa kwako ulipoinama. Kanuni yangu: uchovu wa misuli unaoisha siku ya pili ni sawa, maumivu makali, au yanayoanza kushuka mguuni, acha zoezi hilo. Jipe wiki sita kabla ya kuhukumu.

Kopo la kuongeza nguvu. Ni vizuri umelitaja, na ni muhimu kuliko ulivyodhani. Makopo hayo yana kafeini, na mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu yake. Ukilinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku unapofunga kibanda nusu bado iko ndani, na saa nane usiku, saa ileile unayoshtuka, robo yake haijaondoka. Kafeini inausukuma mfumo uleule wa kukukimbiza ambao panga liliuamsha. Huwezi kuupigia breki kwa pumzi huku jioni umeukanyagia mafuta. Punguza taratibu, usikate siku moja kichwa kikauma: nusu kopo wiki hii, tena kabla ya saa sita mchana, wiki ijayo liache. Jioni kunywa maji, na dakika tano za pumzi. Kama nikikuruhusu kufanya jambo moja tu katika barua hii yote, ningechagua hili.

Kidonge usikiache. Pumzi za polepole na mazoezi hushusha presha, lakini kwa pointi chache, na vipimo vyako viwili vyote viko juu ya 140/90. Mambo haya yanafanya kazi pamoja na dawa. Kosa ninaloliona ni mtu kujisikia vizuri, akaacha dawa, presha ikapanda kimyakimya kwa sababu haina maumivu ya kumkumbusha. Pima mara moja kwa wiki, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, andika namba kwenye daftari lako la miamala, mpelekee daktari. Zikishuka na kutulia, yeye ndiye atakayeamua kupunguza. Namba ikifika 180/120, au ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na mwombe akupime damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vyote huukimbiza moyo, na pumzi haiviondoi.

Kwa upande wa mgongo, usinisubiri wala usiisubiri video ukiona haya: ganzi sehemu unayokalia, mkojo au choo kukutoka bila kujua au mkojo kugoma, mguu kukosa nguvu, homa pamoja na maumivu ya mgongo, au kukonda bila sababu. Hayo ni ya hospitali leo, si kesho.

Mkeka wa 60,000 usinunue. Mazoezi niliyokupa ya kusimama yanafanywa peku juu ya sakafu, na miguu peku inashika sakafu vizuri. Ya kulala, tandika mkeka wako wa ukili na blanketi iliyokunjwa mara mbili juu yake. Sakafu ikiwa ya malumalu mkeka utateleza unapopiga magoti, kwa hiyo weka chini yake kanga iliyolowa kidogo na kukamuliwa, au anzia pembeni vidole vya miguu vikigusa ukuta. Hiyo 60,000 iongezee kwenye kiti chenye mgongo cha kibandani.